Mshitakiwa ni Kabureta: Historia Fupi ya Vigari vya Spoti na Ubovu Wake

Kitabu chenyewe hakikuwa na jalada. Kurasa za mwanzo zilishanyofolewa zamani, pengine kwa kufungia spea, pengine kwa kufungia karanga, na zilizobaki zilijaa alama za vidole vya oili. Kilikuwa cha Kiingereza, na kilieleza namna ya kutengeneza gari ambalo hakuna hata mmoja wetu pale gereji aliyewahi kulitia machoni: Austin-Healey Sprite, kigari cha spoti cha Waingereza, chenye viti viwili na kisicho na paa la bati.

Utauliza, ndugu msomaji, kitabu cha kigari kama hicho kilifuata nini chini ya mwarobaini wa Ngamiani, Tanga? Nami niliuliza hivyo hivyo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yamekuja ya kusuasua, na mjomba akaona heri nipelekwe kwa fundi nikashike spana kuliko kushinda ndani eti naandika riwaya. Fundi huyo alizijua injini kama mtu ajuavyo wanawe, ila Kiingereza kilimpiga chenga. Basi kazi yangu ya kwanza haikuwa kushika spana. Ilikuwa kusoma. Yeye amelala chini ya gari, mimi nimekaa juu ya tairi bovu, nasoma kwa sauti na kutafsiri.

Gari lenyewe lilikuwa Morris Minor 1000 ya mzee mmoja mstaafu wa mtaa wa pili. "Lakini Fundi, hiki ni kitabu cha gari jingine," nilimwambia siku ya kwanza. Akanijibu kutoka uvunguni, "Injini ni ile ile. We soma tu." Sikumwamini. Baadaye nilikuja kujua kwamba alisema kweli tupu, na kwamba ndani ya jibu lile fupi mlikuwa na historia nzima.

Nataka kukusimulia historia hiyo. Na humo ndani nitakusimulia kosa langu moja, maana bila kosa hilo nisingeielewa.

NDUGU WA TUMBO MOJA

Watu wengi hudhani gari la spoti ni lazima liwe na nguvu za kutisha. Si kweli kila mara. Uko ukoo mmoja wa magari ya spoti ambao siri yake haikuwa nguvu bali wepesi. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, kiwanda cha MG pale Abingdon, Uingereza, kilianza kutoa kigari kilichoitwa TC. Kati ya 1945 na 1949 vilitengenezwa kama 10,000. Injini yake ilikuwa ndogo, 1250 cc, na sura yake ilikuwa ya kizamani hata kwa siku zile. Lakini kilikuwa chepesi na kilikata kona kwa raha, na Wamarekani waliozoea magari mapana kama majahazi walipokijaribu walinogewa.

Mwaka 1958 ikaja Sprite. Donald Healey na watu wake walitaka kigari ambacho kijana mwenye mshahara wa kawaida angeweza kukinunua. Njia waliyoipata ni hii: usitengeneze kipya kitu ambacho tayari kipo ghalani. Injini ya 948 cc na miguu ya mbele vikatoka kwenye Austin A35. Mtambo wa usukani ukatoka kwenye Morris Minor. Milango haikuwekewa vitasa vya nje. Buti halikuwekewa mlango; ukitaka begi lako unainama nyuma ya kiti na kulivuta. Taa za mbele zilikusudiwa ziwe za kulala na kuinuka, lakini gharama ilikataa, zikaachwa zimetumbua juu ya boneti, na watu wakalibandika gari jina la jicho la chura. Bei yake ilikuwa chini ya pauni 700 pamoja na kodi. Uzito wake ulikuwa kama kilo 660.

Injini ile ya ukoo wa A ilikuwa imeanza kazi mwaka 1951 katika Austin A30, ikiwa na 803 cc tu. Ikaingia Morris Minor, ikaingia Sprite, ikaingia MG Midget, ikaingia Mini, na haikuachwa hadi Mini ya mwisho mwaka 2000. Kwa hiyo Morris ambayo wazee wetu wanaikumbuka barabarani Tanga, Mombasa na Nairobi, na kigari cha vijana wa Uingereza cha kwendea ufukweni Jumapili, walikuwa ndugu wa tumbo moja. Mmoja kavaa koti la ukarani, mwenzake kavaa fulana. Ugonjwa wa huyu ulikuwa ugonjwa wa yule, na kitabu cha huyu kilimtibu yule.

WATOTO WA DUKA LA VIATU

Morris ya Mzee ililetwa na malalamiko matatu. Asubuhi inawaka kwa taabu. Ikiwaka inatoa moshi mweusi. Na inakunywa petroli kama imelaaniwa. Kumbuka jambo moja, nami nitalirudia mbele: wiki tatu kabla, tulikuwa tumeibadilishia sahani ya klachi.

Fundi akafungua plagi nne, akazipanga juu ya gazeti. Zote nyeusi, masizi makavu. Hapa niseme kwamba plagi ni kama ulimi wa mgonjwa. Daktari huanza kwa kuutazama. Plagi yenye rangi ya kahawa ya maziwa ni ya injini yenye afya. Nyeupe kama chokaa maana yake petroli ni chache, au moto umezidi. Iliyolowa oili inasema ringi au valvu zimechoka. Na masizi makavu meusi yanasema petroli inaingia nyingi kuliko hewa.

"Kabureta," akasema Fundi, na hukumu ikawa imepita.

Kabureta hiyo ilikuwa ya SU, na historia yake inafurahisha. Herufi hizo zinatokana na jina la ndugu wawili wa ukoo wa Skinner, ambao jamaa zao walikuwa wenye biashara ya viatu Uingereza. Mwanzoni mwa karne ya 20 ndugu mmoja alibuni kabureta ambayo tundu lake la hewa linapanuka lenyewe injini inapovuta zaidi. Na kifaa cha kuinulia kilichokuwa ndani ya zile za kwanza kilikuwa mfuko wa ngozi uliokunjwa kama mivuo ya mhunzi. Ngozi, mali ya wauza viatu! Baadaye ngozi ikapisha pistoni ya chuma. Kampuni ilianzishwa 1910, ikanunuliwa na Morris 1926, na kabureta hizo zikawa pua na mdomo wa karibu kila kigari cha spoti cha Kiingereza kwa miongo mingi. Morris ilikuwa na moja, Sprite ilikuwa na mbili.

Uzuri wake ni kwamba inakuruhusu kuihoji. Injini ikiwa imezimwa, inua pistoni kwa kidole kisha iachie. Ikianguka na kugonga chini, *klik*, iko huru. Ikinata, umepata ubovu. Kisha washa injini, iinue kidogo sana, chini ya milimita moja. Mlio wa injini ukipanda na kubaki juu, petroli ni nyingi. Injini ikidhoofu na kutaka kuzima, petroli ni chache. Ukipanda kidogo kisha ukatulia, iache hivyo hivyo. Na zikiwa kabureta mbili, fundi huchukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, akasikiliza mvumo wa hewa. Mivumo ikilingana, kazi imekwisha. Hakuna mashine ya bei, hakuna kompyuta. Ni sikio na subira.

Tuliihoji kabureta ya Mzee. *Klik*, ikajibu. Haikuwa na kosa. Tukapima na mgandamizo wa silinda, maana injini hizi zina desturi ya kuchoma gasketi katikati ya silinda ya pili na ya tatu, na hapo utakuta zote mbili zimeshuka pamoja. Ingekuwa imeshuka moja tu, ungemimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi na kupima tena: kipimo kikipanda, ringi zimekwisha, kisipopanda, tazama valvu. Zote nne zilikuwa sawa.

Kitu kimoja tu kilikuwa kibaya. Choki ilikuwa imekwama nusu njia. Waya wake haukutaka kurudi ndani, na choki ikibaki wazi petroli huzidi. Fundi akaupaka grisi, akauvuta na kuusukuma hadi ukalegea, akasema, "Si unaona? Kabureta." Mzee akalipa, akaondoka.

Baada ya siku mbili alirudi. Choki ilikuwa imekwama tena.

MFALME WA GIZA

Safari hii injini ilikuwa ikizunguka kivivu pia, kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Fundi akasema betri. Mzee akauza mbuzi, akanunua betri. Uvivu ukabaki. Fundi akasema stata. Mzee akamkopa binti yake, ikatafutwa stata ya mtumba hadi Mombasa. Uvivu ukabaki palepale. Hapo Fundi akatema mate pembeni na kusema, "Umeme wa Waingereza huu!"

Hakuwa wa kwanza kusema hivyo. Vifaa vingi vya umeme vya magari haya vilitoka kwa kampuni ya Lucas. Mwanzilishi wake, Joseph Lucas wa Birmingham, alianzia kwenye kuuza mafuta ya taa mitaani katika karne ya 19, kisha akatengeneza taa za meli na za baiskeli. Taa yake moja ya baiskeli iliitwa Mfalme wa Barabara. Magari yalipokuja, kampuni ikatengeneza taa, stata, jenereta, distributa na swichi. Na wenye vigari vya spoti, hasa Marekani, waliozimikiwa na taa usiku wa mvua, wakamgeuzia jina. Wakamwita Mfalme wa Giza. Mzaha huo umesimuliwa mpaka ukageuka kuwa historia.

Lakini hebu tuichunguze kesi hiyo kama mahakimu, si kama wapiga soga.

Chukua MGB. Kigari hiki kilitengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980, zaidi ya 500,000, idadi kubwa mno kwa gari la aina yake. Umeme hutoka kwenye betri kwa waya, unafika kwenye taa, unafanya kazi. Lakini lazima urudi. Hakuna waya wa kuurudisha hadi kwenye betri. Unarudi kwa kupitia bati la bodi lenyewe. Hiyo ndiyo mafundi tunaiita ethi. Sasa weka gari hilo kwenye mvua na chumvi ya barabara za Ulaya miaka ishirini. Panapokutana taa na bati pakashika kutu. Umeme uliokuja kwa haki yake unakuta mlango wa kurudia umefungwa. Unafanya nini? Unatafuta njia nyingine, unapitia kwenye taa ya jirani. Ndiyo maana kwenye gari bovu la namna hii ukikanyaga breki, taa ya kona inawaka kwa haya. Ukiwasha ya kona, ya breki inakonyeza. Mwenye gari anapagawa. Anabadilisha swichi, anabadilisha balbu, anamtukana Lucas. Kumbe dawa ni msasa wa bei ya chee na skrubu moja iliyokazwa vizuri.

Tena, hadi 1967 MGB ilifungwa ethi upande wa chanya wa betri, kinyume na magari mengi ya leo. Betri zenyewe zilikuwa mbili, za volti 6 kila moja, zimefichwa nyuma ya viti mahali ambapo mtu husahau kuzitazama. Mtu akaja na redio yake ya kisasa, akaiunganisha bila kuuliza, ikaungua. Nani aliiunguza? Ukisikiliza barazani, ni Mfalme wa Giza.

Sisemi Lucas hakuwa na dhambi. Vifaa vilitengenezwa kwa bei ya kubana, na gari la bei nafuu hununua kitu cha bei nafuu. Ninachosema ni kwamba mahali ubovu unapoonekana si lazima pawe ndipo ulipozaliwa. Taa ndiyo iliyozimika, lakini skrubu ndiyo yenye kosa. Hata sisi tunaoandika tunalijua hili. Sura ya tisa inagoma kwenda, unaikwangua na kuiandika upya mara nne, kumbe mhusika ulimharibu kwenye sura ya pili.

TAA ZINAZOSINZIA

Kuna gari moja linalofundisha jambo hili kuliko yote, nalo ni Lotus Elan la mwaka 1962. Colin Chapman, mwenye Lotus, alikuwa adui wa uzito. Alichukua injini ya Ford, juu yake akaweka kichwa chenye kemshafti mbili, akatengeneza chesisi ya chuma kama uti wa mgongo, kisha akaivisha bodi ya faibaglasi. Gari zima lilikuwa chini ya kilo 700.

Faibaglasi haishiki kutu. Lakini haipitishi umeme pia. Hivyo kila taa ilibidi ipewe waya wake wa kurudishia umeme hadi kwenye chuma. Fundi aliyezoea magari ya bati anaweza kukaa mchana kutwa akitafuta ethi kwenye kitu ambacho ni sawa na beseni la plastiki.

La ajabu zaidi ni taa za mbele. Elan ilikuwa nazo za kulala na kuinuka, zile ambazo Sprite ilinyimwa, na katika Elan za awali ziliinuliwa kwa nguvu ya mvuto wa hewa kutoka kwenye injini. Mvuto huo unahitaji chombo cha kuuhifadhi, na Chapman hakutaka kuongeza chombo. Akatumia boriti ya mbele ya chesisi yenyewe, ambayo ndani ni tupu. Miaka ikapita. Gari linakwenda usiku, taa zinaanza kusinzia, zinalala polepole kama macho ya mtoto. Mwenye gari anafikiri ni mpira umepasuka, au swichi. Mara nyingi ni mpira kweli. Lakini mara nyingine hewa inavuja kwa sababu boriti imetobolewa na kutu, boriti ile ile inayobeba miguu ya mbele ya gari. Taa zinasinzia kumbe zinapiga kelele: jamani, mifupa inaoza! Anayetibu taa peke yake amemwacha mgonjwa afie barabarani.

JAPANI YASOMA KITABU

Kiwanda cha Abingdon kilifungwa Oktoba 1980. Wenye magari hawakukubali kuyazika. Vyama vyao viliendelea kutafuta spea na kufundishana, na mwaka 1988 shirika la British Motor Heritage likaanza hata kutengeneza upya bodi nzima za MGB, miaka minane baada ya gari lenyewe kuachwa.

Wakati huo Wajapani walikuwa wameshasoma somo. Sisi Afrika Mashariki tuliliona mapema, maana Datsun 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, ikarudia 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na Lofty Drews. Kabureta zake mbili zilitengenezwa na Hitachi kwa mtindo ule ule wa SU. Wajukuu wa duka la viatu walipita kwenye tope letu!

Kisha Februari 1989, kwenye maonyesho ya Chicago, Mazda wakaonyesha MX-5: viti viwili, injini ya 1600 cc, chini ya kilo 1,000. Wabunifu wake walikuwa wamevitazama vizuri vile vigari vya Kiingereza, Elan ikiwamo, wakachukua utamu wake na kuacha uvujaji wa oili. Mwaka 2016 ilitoka MX-5 ya milioni moja.

Nalo halikukosa ugonjwa. Katika injini za miaka ya mwanzo, pua ya krenkshafti, pale panapofungwa puli ya mbele, ilikuwa fupi. Bolti ikilegea, puli inacheza, inakula njia ya ufunguo wake, taiming inayumba na injini inakosa nguvu. Tena kuna magari yaliyoanza kuumwa mara tu baada ya kubadilishiwa mkanda wa taiming, kwa sababu bolti ile ilirudishwa bila kukazwa kwa kipimo. Yaani gari liliingia gereji zima, likatoka na ugonjwa. Habari hiyo niliisoma baadaye sana, na niliposoma nilifunga ukurasa kwanza. Nilikuwa nimeguswa.

MKEBE WANGU

Turudi chini ya mwarobaini. Ilikuwa jioni, Fundi amekwenda kuswali magharibi. Mzee alikuwa ndani ya gari, mimi nimeinama kwenye injini. Nikamwambia, "Piga stata, babu." Akapiga. Mkono wangu uligusa waya wa choki, nikauachia kwa ukelele. Ulikuwa wa moto. Si vuguvugu, bwana, wa moto, kama mpini wa sufuria.

Nikajiuliza: waya wa choki una kazi gani na moto? Haubebi umeme. Ni waya wa kuvuta tu, toka deshibodi hadi kwenye kabureta. Nikachukua kitabu, nikakisogeza kwenye mwanga wa tochi ya simu. Palikuwa na sentensi mbili ambazo nilikuwa nimeziruka mara zote. Injini inakalia mipira, na mpira haupitishi umeme. Kwa hiyo lazima pawe na mkanda wa nyaya zilizosukwa unaounganisha injini na giaboksi yake na bodi ya gari, ili umeme wa stata upate pa kurudia. Mkanda huo ukikosekana, umeme utapita popote penye chuma kinachoiunganisha injini na bodi.

Kwa mfano, waya wa choki.

Nikaleta kebo ya kuazimia moto, ncha moja kwenye ethi ya betri, nyingine kwenye injini. "Piga tena, babu." Injini ikazunguka kama cherehani.

Unaona mnyororo ulivyofungana? Mkanda hakuna. Umeme wa stata unarudi kwa kubanwa, ndiyo maana stata mvivu. Waya wa choki unaungua, unavimba, unakwama. Choki inabaki wazi, petroli inazidi. Plagi zinajaa masizi. Na mwisho wa mnyororo, kabureta isiyo na hatia inapandishwa kizimbani, kisha betri, kisha stata, kisha taifa zima la Uingereza.

Na mwanzo wa mnyororo? Nilikwenda kwenye mkebe wangu wa maziwa ya unga ninamowekea bolti. Chini kabisa, umejikunja, ulikuwapo mkanda mmoja wa nyaya zilizosukwa na bolti yake. Tuliposhusha giaboksi kubadilisha klachi, niliyeufungua ni mimi. Niliyesahau kuurudisha ni mimi.

Fundi aliporudi nilimwonyesha. Aliutazama mkanda, akanitazama mimi, akamtazama Mzee aliyekuwa anasubiri kwenye benchi. Akasema kwa sauti ya chini, "Funga mkanda. Na mdomo funga."

Nilifunga mkanda. Mdomo ulinishinda siku ya nne. Nilimkuta Mzee barazani kwake, nikamwamkia, nikamweleza yote, toka klachi hadi mkebe. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Na stata yangu ya zamani iko wapi?" Ilikuwa imeshauzwa skrepa. Akanyamaza tena. Nilitamani anitukane, nipunguze mzigo. Hakunitukana.

Fundi hakusema nami wiki nzima. Siku ya nane alimfuata Mzee mwenyewe. Waliyozungumza siyajui, ila tangu hapo Mzee hakulipishwa ufundi, spea tu. Na juu ya ukuta wa bati wa gereji Fundi aliandika kwa chaki sheria ambayo haikuwapo kabla, kwamba gari likirudi bovu, kwanza tukague kazi yetu ya mwisho. Hakuniambia niisome. Nilikuwa msomaji wake, alijua nitaisoma.

Nilizunguka Abingdon, Birmingham, Chicago na Hiroshima kwenye vitabu kutafuta wenzangu, nikawakuta wengi. Historia ya vigari hivi imejaa washitakiwa wasio na kosa. Vimebaki hai mpaka leo kwa sababu walitokea watu waliokataa kubadilisha kifaa kabla ya kuuliza swali, na waliokubali, jibu lilipowaelekea wao wenyewe, kulipokea.

Mara ya mwisho kumwona Mzee gereji alikuja kumwaga oili. Kabla hatujaanza aliomba mkeka. Tukadhani anataka kupumzika. Akautandika ubavuni mwa Morris yake, akavua kofia, akalala chali taratibu, akaingiza mkono uvunguni.

"Nionyeshe," akaniambia, "huo mkanda uko wapi."

Nikamshika kiganja, nikakipeleka.